Bomba la Tsiala na Kijicho cha Guliko

"Toa kidole chako kwenye bomba langu!"

"Sitoi."

"Guliko, nahesabu mpaka tatu!"

"Hesabu mpaka mia, shoga, ingawa najua ukipita ishirini unapotea njia. Njoo uone kwanza. Nimeligusa tu, kama mtu anavyogusa shavu la mtoto aliyelala, na kidole kimezama mpaka kwenye kiungo. Hili ni bomba la kutolea moshi wa gesi au ni karatasi ya peremende?"

Guliko alikuwa amesimama juu ya kigoda, soksi mguuni, jikoni kwa watu. Tsiala, mwenye jiko, alikuwa mlangoni na mwiko unaodondosha mchuzi wa njugu sakafuni, tone baada ya tone, wala hakuona, maana macho yake yote yalikuwa kwenye kile kidole. Kidole kilikuwa kimejichimbia kwenye bomba la rangi ya fedha, lenye mikunjo mikunjo, lililotoka utosini mwa kolonka, kile kisanduku cha ukutani kinachochemsha maji kwa gesi. Bomba lilipita juu ya kabati la vyombo, likalegea kidogo pale katikati, kisha likatokea nje kwa tundu la dirishani.

"Wivu," akasema Tsiala. "Wivu umekupanda mpaka umekupandisha na kigoda changu."

"Wivu ninao, nani kakataa? Ninao wa kutosha mtaa mzima na mwingine ukabaki. Lakini bomba hili litaua mtu, na mtu huyo anaoga leo."

Chini uani Margo, mzee kuliko mlango wa nyumba, alikuwa akimenya matunda ya kukausha kwa kamba. Akapaza sauti: "Nani kaua mtu? Semeni kwa nguvu! Sikio langu la kushoto halifanyi kazi siku za baridi!"

"Hakuna aliyeua mtu, Margo!" Tsiala akamjibu kupitia roshani. "Guliko analitamani bomba langu!"

"Mpe nusu!"

Sauti ya Tsiala si ya kuchezea. Wanasema siku moja alimwita kuku wake, na treni ya kwenda Batumi ikasimama njiani, dereva akidhani amepigiwa filimbi na mkuu wa stesheni. Lakini Guliko hakushuka kigodani. Anayeoga leo ni Nutsa, mjukuu wa Tsiala, bibi harusi wa kesho. Nutsa alikuwa kwa mshonaji kuchukua gauni, na wakati wowote angerudi, angeingia bafuni, angefunga mlango na kukaa humo saa nzima na maji ya moto, kama bibi harusi yeyote mwenye akili. Na bafu lenyewe lilikuwa limekatwa humo humo jikoni kwa ukuta wa mbao, kama yalivyo mabafu mengi ya nyumba kongwe za Tbilisi. Hewa ya jiko ndiyo hewa ya bafu. Dirisha la plastiki, jipya, halipitishi hata uzi.

Basi ajulikane huyu Guliko, asije akadhaniwa mwendawazimu.

Guliko alizaliwa na jicho. Si la kurogea watu, ingawa hilo nalo lilisemwa. Jicho la kupimia. Miaka ishirini na saba alikata mabati kwenye karakana ya nyuma ya stesheni, mwanamke peke yake kati ya wanaume kumi na wanane, na wote kumi na wanane walikuwa wakimfuata yeye kumuuliza bati hili unene wake ngapi. Hakuwa na haja ya kipimo. Alilipiga kwa ukucha, akatega sikio, akataja, na kipimo kilipoletwa kilikuwa kama kinamwomba radhi kwa kuchelewa. Inasemekana aliwahi kuunda bomba la moshi refu hata korongo waliokuwa wakihama wakatua juu yake kupumzika, wakaona joto tamu, wakasahau safari. Na mwaka ule huko Afrika watu waliwangoja korongo mpaka wakachoka.

Karakana ilifungwa, mume wake Otia akafa, Guliko akabaki na chumba kimoja, jiko, na kolonka ya zamani yenye bomba alilolitengeneza kwa mikono yake: bati gumu, jeusi, lenye viwiko viwili kama mwanajeshi aliyewekwa lindo akasahauliwa. Baya kwa sura. Lakini lilivuta moshi hata paka wa Margo hakupita chini yake bila kushikilia masharubu.

Akabaki pia na Jumanne.

Kila Jumanne, miaka sita sasa, Jemali fundi wa kolonka, mjane wa watu, mwenye duka lake dogo pale konani, alipanda ngazi, akabisha mara mbili, akavua kofia. Guliko alipika kahawa. Jemali alikunywa, akakifunika kikombe juu ya kisahani, akakisukuma mbele kidogo ili Guliko amsomee machicha. Guliko alikiinua, akakitazama. "Naona safari," alisema. "Naona barua." Miaka sita ya safari na barua, na Jemali hajawahi kwenda kokote wala kuandikiwa na yeyote. Alichokiona hasa kwenye kile kikombe hakukisema, na Jemali hakumuuliza. Alisema tu, "Haya, mpaka Jumanne," akavaa kofia.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka wiki tatu zilizopita, siku ile Tsiala alipotoka roshani, mikono kiunoni, akawatangazia watu wote wa uani.

"Mmeona gofra yangu mpya, hili bomba la kolonka? Jemali huyo! Kanichagulia mwenyewe, kanifungia mwenyewe. Masaa mawili juu ya ngazi, jamani, na anaimba! Nikamwambia shuka ule, anasema, hapana Tsiala, mpaka ikae vizuri."

Wivu ulimwingia Guliko kama maji ya baridi kwenye kiatu kilichotoboka: kwanza kidole, kisha mguu mzima, na mwisho akawa anatembea nao, *chwa, chwa*, kila anakokwenda. Kwake Jemali hajawahi kupanda ngazi ya kufungia bomba. Kwake Jemali hajawahi kuimba hata nusu ya wimbo. Na Tsiala ana nini? Ana kifua, sawa. Ana binti yake kule Ugiriki anayemletea mafuta ya kupaka. Ana sauti ya kusimamisha treni. Lakini kahawa yake ni maji ya kuoshea masizi!

Jumanne iliyofuata Jemali alibisha mara mbili. Guliko alikaa kitandani, kiganja mdomoni. Jemali akangoja, akabisha tena mara mbili, akashuka ngazi taratibu, na kila ngazi aliyoikanyaga Guliko aliisikia mbavuni. Jumanne ya pili ikawa hivyo hivyo. Jumanne ya tatu hakubisha mtu.

Na siku zote hizo alikuwa dirishani akilitazama bomba. Dirisha la jiko lake linatazamana na la Tsiala, pale roshani ya mbao inapopinda kona, na bomba lile liling'aa mchana kutwa kama jino la dhahabu kwenye mdomo wa mtu anayekucheka. Alilitafutia kasoro. Angempenda Tsiala asingeona kitu. Kwa vile alikuwa hampendi, aliona vyote. Aliona wiki ya pili limeanza kulegea katikati. Aliona kila kolonka ikiwashwa, kioo cha dirisha la Tsiala kinalia machozi. Aliona kwenye uso mweupe wa kolonka, pale juu kabisa, doa la rangi ya kahawia, kama chai iliyomwagika ikaelekea juu badala ya chini.

Akaona na la mwisho. Kila Jumamosi baada ya kuoga, Tsiala alitoka amejifunga kitambaa kichwani, uso kama unga, miguu kama ya kuazima.

"Kichwa kinanipasuka," alisema. "Natapika nyongo. Ni jicho la mtu. Simtaji, lakini anakaa mlango wa pili na alikuwa anakata mabati."

Hilo nalo lilimezwa na watu wote kama mkate wa jibini unaotoka motoni. Tsiala akafunga ushanga wa bluu kwenye bomba kwa uzi mwekundu, kulikinga. Guliko akipita uani, wanawake walifunika mitungi ya achari. Hata yeye mwenyewe, usiku kitandani, alianza kujiuliza. Huenda kweli? Huenda wivu wake una meno? Alitembea siku tatu macho chini, akagonga kichwa kwenye nguzo mara mbili. Kisha Jumamosi akapanda basi kwenda kwa dada yake mjini Mtskheta, akashinda huko kutwa, hakutazama kitu isipokuwa sahani yake. Aliporudi jioni akamkuta Tsiala kajifunga kitambaa, anatapika kama kawaida.

Si jicho, basi. Guliko alifurahi kwa muda wa kupanda ngazi tatu. Ngazi ya nne akakumbuka harusi ya Nutsa.

Ndiyo maana leo alikuja kuazima chumvi, na Tsiala alipogeuka tu, akapanda kigodani.

"Sikiliza," akasema sasa, kidole bado bombani. "Bomba la kolonka ni chuma cha pua, ukanda mmoja wa chuma uliokunjwa. Ukilipinda, linabaki pale ulipoliacha. Ukiligonga, linakujibu. Limepigwa muhuri kuonyesha linastahimili joto kiasi gani. Wewe hapa muhuri uko wapi? Ling'oe utazame ndani: waya umezungushwa, juu yake ngozi ya karatasi ya kung'aa imebandikwa kwa gundi. Hii ni ya feni ya jikoni, shoga, ya kutolea harufu ya vitunguu. Joto la kolonka likiipata, gundi inaachia, bomba linanyong'onyea kama utumbo, na moshi ukikosa njia unarudi humu ndani. Na ule moshi hauna harufu. Hautakuamsha."

"Gofra ni gofra."

"Hapo ndipo mnapokufa, hapo hapo!"

Maana Tbilisi kila chenye mikunjo ni gofra. La chini ya sinki ni gofra, la nyaya za umeme ni gofra, la feni ni gofra, la kolonka ni gofra. Kuna mpiga kodiani mmoja mtaa wa juu naye wanamwita Gofra. Mtu anaingia dukani anasema nipe gofra, na muuzaji anampa ile iliyo karibu na mkono wake.

"Basi kamuulize Jemali!" Tsiala akapandisha mabega. "Yeye ndiye aliyechagua. Unataka kusema Jemali hajui kazi?"

Hili lilimchoma Guliko kuliko mengine yote. Jemali hajui kazi? Jemali, ambaye akienda kununua msumari humhoji muuzaji mpaka muuzaji anajifungia ndani? Fundi kama huyo kufunga karatasi ya peremende juu ya moto, anachanganyikiwa namna gani? Kuna jibu moja tu, na Guliko alilijua wiki nzima: alikuwa amemtazama mwenye jiko, si bomba. Kadiri bomba lilivyokuwa bovu ndivyo mapenzi yalivyokuwa makubwa. Mara mbili Guliko alikuwa ametoka mlangoni kwake kuja kusema, na mara mbili alirudi, kwa kushindwa kubeba ushahidi huo kwa mikono yake mwenyewe.

"Jua kali lilimpiga kichwani," akasema polepole. "Au alikuwa na homa."

"Novemba, jua kali!" Tsiala akacheka. "Alikuwa mzima kabisa. Na mchangamfu."

"Margo!" Guliko akapiga kelele dirishani. "Unasikia mwenyewe! Niambie kama mimi ni mwongo!"

"Sisikii kitu!" Margo akajibu. "Nakwenda kumleta fundi mwenyewe aje awaamue, mmenichosha! Mchuzi unaungua huko, nanusa mpaka huku!" Na ndara zake zikasikika, *pwa, pwa*, zikielekea mtaani.

Tsiala akabadilika rangi. Akakimbilia sufuria, akaikoroga kwa hasira ingawa ilikuwa haiungui.

Hapo ndipo Nutsa aliingia, pua nyekundu kwa baridi, gauni kwenye mfuko mkubwa begani kama mtu aliyembeba mwenzake aliyezimia. Akambusu huyu, akambusu na yule aliye juu ya kigoda.

"Bibi, maji tayari? Nimeganda mpaka kwenye meno."

"Ingia, mjukuu wangu, nikufie mie. Taulo liko humo."

"Usiingie," akasema Guliko. "Njoo uoge kwangu, mama. Kwangu kuna joto."

"Unaona?" Tsiala akaruka. "Unaona? Alianza na bomba, sasa anataka na bibi harusi! Kesho atataka avae yeye gauni!"

Nutsa akacheka. Alikulia kwenye mapaja ya wote wawili, akajua kuhamahama kabla ya kujua kutembea. "Bibi Guliko, hata sabuni yetu unaionea wivu? Nitakuachia kipande." Akaingia bafuni, akafunga, na mara maji yakafunguliwa.

Ukutani kolonka ikapumua, *pwaaf*, na moto wa bluu ukasimama safu nzima.

Guliko akashuka kigodani. Alichukua kiberiti jikoni pale pale, akawasha njiti, akaisogeza kwenye mdomo wa juu wa kolonka, pale moshi unapokusanyika kabla ya kuingia bombani. Bomba likivuta, ulimi wa njiti huinama kuingia ndani. Ule ulimi ulisimama kidogo kama mgeni anayeuliza njia, kisha ukainama kwake, usoni, ukazimika.

"Upepo wa mlango," Tsiala akasema.

Guliko akafunga mlango. Akawasha ya pili. Ikainama kwake, ikazimika. Akavua miwani, akaishika pale pale kwa muda wa kuhesabu tano, akamwonyesha Tsiala: vioo vyote viwili vimejaa ukungu.

Tsiala alitazama miwani. Bafuni Nutsa alianza kuimba.

"Mkono wako unatetemeka," Tsiala akasema, lakini sauti ilikuwa ndogo, ya kuku na si ya treni.

Guliko akaunyoosha mkono kwenye koki ya njano ya gesi. Mkono wa Tsiala ukaruka ukaudaka. Wakabaki hivyo, vikongwe wawili, mikono minne kwenye koki moja, wanavutana na kuhema, na hakuna aliyetaka kupiga kelele kwa sababu ya mtoto.

"Hunizimii gesi nyumbani kwangu!"

"Achia, Tsiala."

"Uniaibishe mbele ya watu wote? Harusi kesho, nionekane mjinga?"

"Achia."

"Ung'o! Umeingojea siku hii miaka!"

Ni kweli alikuwa ameingojea. Guliko alimtazama usoni mwenzake, karibu mno, akaona jinsi macho yalivyokuwa mekundu kwa Jumamosi tatu za kutapika. Nyuma ya mbao Nutsa alikosea maneno ya wimbo, akacheka peke yake, akarudia tangu mwanzo.

"Haya, nisikilize," Guliko akasema. "Waambie watu mimi ni mwongo. Waambie nina jicho, nitakubali, nitasimama uani niseme ndiyo ninalo. Waambie bomba lako lilikuwa zima nikaliharibu mimi kwa kulitazama. Na Jemali mchukue. Nimekupa. Akija Jumanne nitamwelekeza mlango wako kwa kidole hiki hiki. Nitakuja hata harusini kwenu, nitacheza. Ila achia hii koki, Tsiala, mtoto anaimba humo ndani."

Mkono wa Tsiala ukalegea. Kisha, kabla Guliko hajaizungusha, Tsiala mwenyewe akaishika koki akaifunga, *krik*, akazima na jiko la mchuzi, akafungua dirisha lote. Baridi ikaingia na harufu ya mtaa.

Bafuni wimbo ukakatika.

"Mamaaa! Barafu! Bibi! Barafu!"

Nutsa akatoka amejifunga joho la kuogea, povu kichwani kama wingu limemkalia. "Kuna nini?"

"Nenda kwa Guliko ukamalizie," Tsiala akasema, hakugeuka. "Sasa hivi. Usiulize, mjukuu wangu. Kimbia."

Nutsa akawatazama, mmoja kisha mwingine, akaona si wakati wa mzaha. Akavuka roshani kwa miguu mitupu akilia "uuu, uuu", mlango wa Guliko ukafungwa nyuma yake, na baada ya muda ule wimbo ukaanza tena, ng'ambo.

Tsiala akakaa chini kwenye kile kigoda.

"Hakuja," akasema.

"Nani hakuja?"

"Jemali. Hajawahi kukanyaga jiko hili."

Guliko akasimama na njiti iliyoungua mkononi. Kulikuwa na mambo mengi ya kufikiri kwa mtu mwema: kwamba mtoto amepona, kwamba watu watatu wangelala na wasiamke. Guliko hakuyafikiri hata moja. Kitu kilimpanda kutoka magotini, kitamu, cha moto, kikamfika masikioni.

"Na zile ngazi?"

"Za mkwe wa dada yangu. Ndiye aliyelifunga. Nililinunua mimi, nikasema nipe gofra."

"Mkwe wa dada yako si daktari wa meno?"

"Ndiye."

"Daktari wa meno!" Guliko akashika ukuta. "Ndiyo maana bomba limelala mdomo wazi! Na kuimba? Masaa mawili ya kuimba?"

"Redio."

"Tsiala!"

"Usinicheke."

"Sicheki. Masaa mawili nimeyalilia, mwenzangu, wiki tatu nayalilia, kumbe redio!"

"Na mimi miaka sita?" Tsiala akainua uso, na sasa sauti ilirudi, mwiko ukanyooshwa kama bunduki. "Unajua ukuta wetu ni mwembamba kiasi gani? Kila Jumanne nanusa kahawa yako. Nasikia kikombe kinafunikwa, *tak*. Nasikia, naona safari, naona barua! Miaka sita mtu anabisha mara mbili mlango wa pili, na mimi niko huku nimekaa na mafuta yangu ya Ugiriki usoni, nampakia nani? Hata bomba likiharibika namwita daktari wa meno. Nikasema siku moja tu. Siku moja tu na mimi nionekane nimepandiwa ngazi."

Guliko hakujua kwamba yeye ni mtu wa kuonewa wivu. Lilimkaa vibaya mwilini, kama koti la mtu mwingine, kisha likaanza kumkaa vizuri. Akajiona akijinyoosha. Akajionea aibu, lakini hakujikunja.

"Kumbe unasikia mpaka kikombe," akasema.

"Mpaka kijiko."

"Na yeye… akisharudi chini. Huwa anasimama? Ngazini?"

"Miaka yote husimama kwenye ngazi ya tatu, anatazama juu. Hizi Jumanne mbili alisimama mpaka Margo akamuuliza kama amegonga goti." Tsiala akafuta macho kwa kiwiko, akambetulia midomo. "Kikongwe mzima, unamfungia mtu mlango kwa sababu ya daktari wa meno. Utamwambia nini sasa?"

"Sitamwambia kitu."

"Thubutu! Utamwambia, au nitamwambia mie, na mimi unaijua sauti yangu."

"Nyamaza, Tsiala."

"Yale machicha ya kikombe, unayoyaona ukasema safari. Huwa unaona nini?"

"Hayakuhusu."

"Nimefunga gesi yangu kwa ajili yako, leo yote yananihusu. Unaona nini?"

"Naona ujinga. Naona mwanamume mzima anakaa mezani kwangu amejaa kikombe kizima, hamna safari wala barua, hamna mtu mwingine humo, ni mimi tu kila pembe, na siwezi kumwambia mtu kitu kama hicho machoni kwake, atasema nime—"

Mlango ukasukumwa. Jemali alikuwa amesimama kizingitini, kofia mkononi, bisibisi mfukoni, anahema kwa ngazi, na Margo nyuma yake akimchungulia chini ya kwapa.

"Hata sikio langu la kushoto limesikia," akasema Margo.